Kayanga: Mdundo unaozaliwa jikoni, na masikio ya mtoto anayeutengeneza

Asubuhi Kayanga huanza na baridi. Mji huu, ambao ni makao makuu ya Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, umekaa kwenye vilima, na mara nyingi ukungu huchelewa kuondoka kwenye migomba. Jua likiwa bado halijachomoza vizuri, masikio huwa yameshapata kazi. Bodaboda zinakimbilia Omurushaka, mashine ya kusaga inaunguruma, redio ya jamii ya Fadeco inasikika dukani. Msimu wa mavuno ukifika, kuna na sauti ya kahawa inayogeuzwa juani.

Kwa mgeni, hizo ni kelele za mji mdogo. Kwa kijana mwenye simu janja, ni malighafi.

Muziki wa kielektroniki, yaani ule unaotengenezwa kwa programu badala ya bendi, hauhitaji tena safari ya kwenda studio ya mjini. BandLab hupatikana bure kwenye simu. FL Studio, iliyoanzia Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops na kutumiwa na maprodyuza wengi wa Bongo, nayo ina toleo la simu.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanza. Chukua mfano wa mama anayeuza ndizi sokoni. Anarudi jioni amechoka, anamkuta mwanawe wa kidato cha tatu ameinamia simu, hedifoni masikioni, anatikisa kichwa. Anaitwa mara tatu haitiki. “Mama, ngoja nimalize,” anasema hatimaye. Mama anaona uvivu, bando linalokwisha na mtihani unaokaribia. Mtoto anaona kazi.

Wote wawili wana hoja.

Anachofanya pale

Kwenye kioo cha simu kuna mistari ya visanduku, mara nyingi 16 kwa kila mstari. Mstari mmoja ni ngoma nzito, mwingine kayamba, mwingine makofi. Kisanduku kinachoguswa hulia, kisichoguswa hunyamaza, na mzunguko ukiisha huanza upya. Kijana huongeza, hupunguza, husikiliza, hufuta. Ni hesabu na subira kwa wakati mmoja.

Ugumu ni kumaliza. Wanaojifunza wengi huwa na vipande 40 vya sekunde 10 na hawana wimbo hata mmoja. Dawa yake ni mazoea: muda uleule kila siku, hata nusu saa, kazi moja ndogo kwa kila kikao, vyombo vichache, na siku moja ya wiki ya kukamilisha kilichoanzwa, kizuri au kibaya. Kikikamilika kihifadhiwe kwa jina na tarehe, kisha asikilizishwe mtu mmoja au wawili wanaosema kweli.

Mzazi anaweza kusaidia hapa bila kujua lolote kuhusu biti. Kumuuliza mtoto “umemaliza nini wiki hii?” kunafaa kuliko kumnyang’anya simu.

Sauti za nyumbani

Karagwe haikosi urithi wa muziki. Enanga, zeze la Wanyambo na Wahaya, huchongwa kwa kipande kimoja cha mti mfano wa kihori, na nyuzi zake hupitishwa kwenda na kurudi kutoka ncha hadi ncha. Wazee wameitumia kusimulia habari za mashujaa na wafalme. Kijana anayemrekodi babu yake akiipiga, kwa ruhusa yake, anapata sauti ambayo haimo kwenye programu yoyote ya kupakua, na babu anapata msikilizaji.

Si enanga tu. Kisu kinachomenya ndizi kina mdundo wake. Msimu wa senene, taa kali zikiwashwa usiku, wadudu hugonga mabati na kuteleza hadi kwenye mapipa. Hakuna ngoma ya kompyuta inayolia hivyo.

Kagera imeshaonyesha kwamba sauti ya nyumbani husafiri mbali. “Maria Salome” ya Saida Karoli, aliyoimba kwa Kihaya, ilivuma nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walijenga “Salome” yao juu ya wimbo huo, na kizazi kipya kikaucheza.

Jijini Dar es Salaam, vijana wa uswahilini walifanya jambo kama hilo kwa singeli, muziki wenye kasi inayoweza kuzidi mapigo 200 kwa dakika. Kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilitolewa mwaka 2017 katika albamu “Sounds of Sisso” na lebo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes. Mzazi asishtuke na jina hilo: kwa Kiganda, ekinyegenyege ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Na kutoka Kayanga, Kampala ni karibu kuliko Dar es Salaam.

Hata hivyo, wengi wanaotengeneza muziki hawaishi kwa muziki. Shule isiachwe.

Masikio hayana spea

Hoja ya mama ambayo kijana hapaswi kuibishia ni ile ya kuitwa mara tatu bila kuitika.

Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Zikifa kwa kelele, hazioti tena. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja wa miaka 12 hadi 35 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa. Kipimo chake cha usalama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, saa hizo hushuka hadi nne tu. Kwa watoto, kikomo ni desibeli 75.

Mtengenezaji wa muziki yuko hatarini zaidi ya msikilizaji, kwa kuwa hurudia kipande kilekile mara mia. Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Apumzishe masikio kila baada ya muda, na asilale na hedifoni. Akilalamika mlio masikioni usiokoma, au akianza kuomba watu warudie maneno, apelekwe kituo cha afya mapema.

Tukirudi kwa yule mama, jioni moja anaweza kuvuta kigoda na kusema, “Hebu nisikie.” Kijana anachomoa hedifoni. Kinachotoka kwenye simu ni kisu chake mwenyewe, kinamenya ndizi, kimefuatwa na ngoma.

“Punguza sauti kidogo, mwanangu,” anasema. “Halafu rudia.”