Mchungaji wa Walalahoi

Ukitaka kujua umri wa mtu huku kwetu Temeke, mtajie Mchungaji Christopher Mtikila. Aliyevuka miaka 40 atacheka kwanza, halafu ataanza kuigiza sauti yake. Kijana wa miaka 20 atakuuliza, "Ndiyo nani huyo?" Mimi niko katikati. Nimekulia Mbagala nikilisikia jina hilo barazani na kwenye daladala, kabla sijajua kwamba mwenyewe ni mhubiri mwenye kanisa lake. Kwa akili yangu ya utotoni alikuwa mtu wa kukamatwa na kuachiwa, basi. Hata neno "walalahoi", wazee wa mtaani kwetu husema walilizoea kinywani mwake.

Alifariki kwa ajali ya gari huko Chalinze tarehe 4 Oktoba 2015, zikiwa zimebaki wiki tatu kufika uchaguzi mkuu. Nchi ilikuwa imezama kwenye kampeni. Tukamlilia kidogo, tukarudi kwenye mikutano.

Kazi ya uandishi wa habari ndiyo iliyonirudisha kwake, maana ukifuatilia habari za Katiba ya nchi hii hutafika mbali kabla hujakutana na jina lake. Mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma. Mwaka uliofuata Jaji Kahwa Lugakingira akatoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo: wananchi hawahitaji kuomba kibali ndipo wakusanyike, mtu anaweza kugombea bila chama, na raia anaweza kwenda mahakamani kutetea haki ya umma hata kama yeye binafsi hajaumizwa kuliko wengine. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likabadilisha Katiba, na mgombea binafsi akafungiwa mlango.

Mwingine angechoka. Yeye akarudi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua, ikisema jambo hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, na Juni 2013 akashinda. Hesabu mwenyewe: miaka 20, mtu yule yule, swali lile lile.

Sasa kuna watu wanaosema hiyo ilikuwa siasa, Injili haimo. Siwaelewi vizuri. Nabii Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo, na maneno yake makali aliyaelekeza kwa waliokuwa wakimkandamiza maskini mahakamani na sokoni. Mtikila naye aliamini kwamba maskini anastahili kuombewa, na pia anastahili kusikilizwa na jaji.

Faida yake naiona kwa mama mmoja jirani yetu. Ndiye tunayemkimbilia mtaro ukiziba, ndiye anayejua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi ina msiba. Watu walimwomba agombee uenyekiti wa mtaa. Akauliza, "Kwa chama gani?" Hana chama na hataki. Hapo hapo habari ikaisha, kwa sababu sheria inataka mgombea adhaminiwe na chama. Mama yule hajawahi kusikia hukumu ya Arusha, lakini kesi ile ilikuwa yake.

Ila nikimsifia Mtikila nikaishia hapa, nitakuwa nimeandika tanzia ya kanisani. Majukwaani aliwaita Watanzania wenye asili ya Asia "magabacholi", na mwaka 1993, baada ya moja ya mikutano yake, watu walishambuliwa barabarani hapa Dar kwa sababu ya rangi yao. Muuza duka wa Kariakoo aliyefunga mlango kwa hofu naye alikuwa raia, mwenye haki zile zile ambazo mchungaji alikwenda kuzidai Dodoma. Kumtetea mnyonge kwa kumwonyesha jirani wa kumchukia ni kazi rahisi, na matunda yake ni machungu. Wafuasi wake hawapendi ikumbushwe. Mimi naona ni lazima, hasa sasa ambapo kila mwenye simu ana jukwaa lake la Jangwani.

Kwa hiyo namkumbuka kwa vipande viwili visivyoungana vizuri. Ulimi wake ulimpa watu, ukawaumiza wengine. Karatasi zake za mahakamani hazikumbagua mtu: zilimdai haki kila raia, akiwemo yule wa duka la Kariakoo.

Miaka imepita na uchaguzi umekuja na kupita, bado hakuna jina la mgombea binafsi kwenye karatasi ya kura. Hukumu ya Arusha ipo, haijafutwa. Jirani yetu naye yupo, na mtaro ukiziba tunajua pa kugonga hodi.