Saa Nne za Tabora

Msafiri apandaye garimoshi kutoka Dar es Salaam hufika Tabora, mahali Reli ya Kati igawanyikapo: njia moja yaelekea Kigoma, ya pili Mwanza. Wengi hukaa stesheni juu ya mizigo yao wakingoja. Mwenye saa nne za kungoja, akapata gari la kukodi, asiziache zipotee. Na aende Kwihara pamoja na wanawe.

Kwihara haifiki kilomita kumi kutoka mjini, na uzuri wa njia ni miembe. Miembe mikuukuu, minene, yenye kivuli kizito. Asili yake ni kokwa zilizoletwa na watu wa misafara kutoka pwani. Hapa ndipo ilipopita njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Mbele alikwenda kirangozi na bendera. Nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika hapa tarehe 7 Novemba. Sisi twanung'unika kwa usiku mmoja wa garimoshi!

Huko Kwihara kuna tembe, nyumba ya kuta nene za udongo na ua katikati, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi. Sasa ni makumbusho. Lakini mgeni asiishie kwa Livingstone. Mwaka 1873 Susi na Chuma walipita Unyanyembe na maiti yake. Cameron akawashauri wamzike huku huku, wakakataa, wakambeba mpaka pwani.

Ama lipo jambo ambalo kivuli cha miembe hakilifichi. Njia hii ilipitisha pembe, na ilipitisha watu waliofungwa. Wengi wa wenye misafara walikuwa Waislamu, wenye majina kama yetu, wakiswali safarini na mateka wao wamo minyororoni. Wako wazazi waonao heri watoto wasiambiwe. Sikubaliani nao. Mtoto atayasikia shuleni, kisha atauliza mbona nyumbani tulinyamaza. Na aambiwe pale pale chini ya mwembe: kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922, kwamba dini iliyosomwa katika misafara hiyo imehesabu kumwacha mtumwa huru kuwa ibada, na wenye mali wakaisoma wakapita. Kisha waombewe dua waliopita hapa wasirudi kwao.

Miembe huzaa kuelekea mwisho wa mwaka, mvua zianzapo. Asiyeyawahi maembe atapata mjini asali ya misitu ya miombo. Chupa na ifungwe barabara, maana garimoshi hutikisa.