Dishi lilinitoa jasho!

Jamani, hesabu msizicheke. Mwaka 1998, siku mbili kabla ya fainali ya Kombe la Dunia, Brazil na Ufaransa, nilinunua dishi la mtumba, upana sentimita 180. Washikaji nilishawaalika, na kila mtu kachanga hela. Kasheshe ni kwamba vyuma vya kushikilia kile kichwa cha kunasa mawimbi vilikuwa vimekatwa. Fundi kabahatisha huku, kabahatisha kule, kwenye TV chenga tupu! Halafu anataka pesa nyingine.

Mdogo wangu, binti wa kidato cha nne, akasema, "Kaka, hilo si parabola? Tulipime." Huyo ndiye niliyekuwa namwambia kila siku aachane na hesabu, akajifunze ushonaji.

Akapitisha uzi ukingo hadi ukingo, akateremsha rula katikati: kina sentimita 30. Akachukua mkaa, akaandika ukutani (ukuta wa mwenye nyumba!) y = ax². Pale chini kabisa katikati ndiyo sifuri. Ukingoni x ni 90, y ni 30. Basi 30 = 8100a, a ni 1/270. Mlinganyo huo hapo. Mawimbi hukutana juu ya sifuri kwa umbali wa 1 gawa kwa 4a, yaani 270 gawa kwa 4: sentimita 67.5. Fundi alikiweka 80!

Tukakifunga hapo, fundi akalizungusha dishi tena. Jumapili usiku Zidane katupia mawili ya kichwa, Ufaransa 3, Brazil 0, picha safi kama kioo.

Jumatatu nikampa binti hela ya tuisheni. Ya hesabu.