Debe la Ufuta

Watu wa pwani hutuhurumia sisi wa Nachingwea na Ruangwa kwa jambo moja, nalo ni samaki. Akifika mgeni kutoka Lindi mjini au Mikindani, hata kabla hajapewa maji ya kunywa, atauliza, "Hivi huku kitoweo mnapata wapi?" Si swali la dharau. Kibua aliyevuliwa alfajiri hutufikia jioni akiwa amelala juu ya barafu iliyokwisha kuwa maji, macho yamezama, na bei yake imepanda kila basi liliposimama. Wengine hawafiki wabichi kabisa. Hufika wakiwa ng'onda, wamepasuliwa, wametiwa chumvi na kuanikwa, wakanukisha kitenge cha kila abiria waliyesafiri naye.

Nimefundisha shule za msingi katika miji hiyo miwili, tangu Ruangwa ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Nachingwea, kabla haijawa wilaya yenyewe mwaka 1995. Basi ninaposema habari za chakula cha jioni, msomaji asidhani nasema habari za karamu. Mapishi ya Idi na ya harusi yana mafundi wake. Mimi nasema habari za Jumanne: mama amerudi kazini saa kumi na moja, madaftari ya kusahihisha yako kwapani, watoto ni watano, jiko la makaa ni moja, na samaki ni wawili, tena wadogo.

Mswahili wa pwani alikwisha kupata jibu lake zamani, akaliita samaki wa kupaka. Samaki huchomwa, kisha hupakwa tui zito lililopikwa kwa viungo na ukwaju au ndimu. Ni chakula kizuri, sina ugomvi nacho. Ila kule kwetu nazi nayo ni abiria kama samaki, inapanda basi na kulipiwa nauli. Kilichopo kwetu ni ufuta. Ufuta hupandwa mvua zikiwa zimeshika, huvunwa kuanzia mwezi wa tano, na ukipita Ruangwa wakati huo utaona miganda imesimamishwa mashambani ikisubiri kukauka ili ikung'utwe.

Nilijifunza kwa jirani yangu wa Ruangwa, mama wa Kimwera ambaye hakupata kushika kitabu cha mapishi maishani mwake. Ufuta huoshwa kwanza na kupepetwa, maana mchanga ndani ya ufuta ni adhabu ya meno. Kisha hukaangwa mkavu, bila mafuta, mkono usiache kukoroga, mpaka punje zianze kuruka na nyumba nzima ijue unapika nini. Epua hapo hapo. Ukichelewa kwa muda wa kumjibu mtu hodi, umepata uchungu. Hutwangwa ungali na moto pamoja na chumvi, kitunguu saumu na pilipili, hadi utoe mafuta yake wenyewe na kushikamana. Mwishoni hukamuliwa ndimu. Na hapa ndipo ilipo siri ya yule mama: kabla ya kutwanga, alitupia kinuni kipande cha ng'onda kilichobanikwa, si kikubwa kuliko kidole gumba. Nilimwuliza cha nini, ilhali samaki yupo. Akanijibu, "Mwalimu, huyu mbichi ni wa kuonekana, huyu mkavu ni wa kusema."

Kibua hupasuliwa mgongoni, hufunuliwa kama kitabu, huchomwa mpaka akaribie kuiva. Ndipo hupakwa rojo lile upande wa nyama. Usimpake mapema, kwa kuwa ufuta huungua upesi kuliko samaki. Baadaye hufunikwa kwa bati au mfuniko wa sufuria na kupaliwa makaa juu, kama unavyopalia wali, kwa dakika chache tu. Rojo hukauka juu na kubaki laini chini. Samaki wawili wa namna hiyo, kwa ugali wa makopa na majani ya kunde, hulisha watu saba, na hakuna anayelamba kidole kwa njaa. Mtoto hula ugali mwingi kwa rojo kidogo. Hilo ndilo lililokuwa hesabu yangu, wala sikuwa na nyingine.

Miaka ya karibuni mkwe wangu wa Dar es Salaam alinipikia samaki aitwaye salmoni. Ni samaki wa maji baridi, nyama yake ya rangi ya mpapai ulioiva, naye huletwa akiwa amegandishwa. Juu yake alipaka kitu cha Kijapani kiitwacho miso, yaani maharage ya soya yaliyochachushwa kwa chumvi miezi mingi hata yakawa kama udongo laini. Akamtia ndani ya jiko la umeme, moto ukitokea juu. "Ni chakula cha haraka, mama," akasema, "nikirudi kazini napaka tu." Nilikula, nikacheka peke yangu. Moto wa juu ni kupalia. Rojo la chumvi lenye kusema ni lile lile. Mjapani mmoja msomi, Kikunae Ikeda wa Tokyo, aliichunguza ladha hiyo ya mchuzi ulionoga mwaka 1908 akaipa jina, umami. Mama wa Ruangwa hakuipa jina, aliitupia kinuni.

Tena hata soya si mgeni Nachingwea. Waingereza walipokuja mwaka 1947 na mpango wao wa karanga, wakafyeka misitu kwa matrekta, wakajenga reli kutoka pwani, walitaka mafuta ya kula kwa ajili ya kwao. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Katika mashamba yaliyobaki walijaribu na soya pia. Reli yenyewe ilifungwa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Katika makaratasi yote ya mradi ule sidhani kama lilikuwapo moja lililouliza mwenyeji wa hapa angekula nini jioni.

Nami nisijifanye mwema kuliko Waingereza, kwa maana swali hilo liligawa nyumba yangu mwenyewe. Kila mwaka, magunia yalipokuwa tayari, nilitenga debe moja na kulificha chini ya kitanda. Marehemu mume wangu hakuwa mchoyo. Alikuwa na watoto watano na mshahara wa karani, na ufuta ndiyo fedha pekee iliyokuja kwa mkupuo. Aliniambia, "Mama, hilo debe ni sare mbili za shule." Nikamwambia, "Baba, hilo debe ni jioni za mwaka mzima." Sote wawili tulikuwa na hesabu sahihi. Mwaka mtoto wetu wa kwanza alipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, debe liliuzwa. Nililipeleka mimi mwenyewe kwa mnunuzi, kichwani. Mwaka ule tulikula ng'onda wa maji na chumvi mpaka mavuno, na yule mdogo wetu wa mwisho alizoea kusukuma sahani akisema ameshiba. Mwenye kuzaa anajua mtoto anaposema ameshiba na sahani imejaa.

Siku hizi ufuta wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuzwa kwa mnada, kwa stakabadhi ghalani, chini ya chama kikuu cha ushirika kiitwacho RUNALI. Mkulima hupeleka magunia kwenye chama chake cha msingi na kungoja bei. Ni nafuu kuliko enzi za mchuuzi mwenye mizani iliyolegea, sikatai. Japani ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa ufuta wa Tanzania, na bei ikiwa nzuri watu hupeleka mpaka punje ya mwisho. Nimeingia nyumba za wakulima mwezi wa tisa, wenye ekari sita za ufuta, nikakuta watoto wanakula ugali kwa chumvi na pilipili. Nikiuliza, naambiwa ufuta ni zao la biashara. Neno hilo "biashara" limekuwa kama kufuli.

Mimi debe langu nalitenga bado, ingawa sasa ninaishi na wajukuu wawili tu na pensheni. Jana samaki hawakuja, basi liliharibika njiani. Nilikaanga ufuta, nikatwanga na kipande cha ng'onda, nikapaka juu ya bilinganya zilizochomwa, nikapalia makaa. Yule mkubwa aliuliza huyu ni samaki gani asiye na miiba, kisha akasogeza sahani aongezewe.