Chokaa na Udongo

Sisi tuliokulia Manyoni tunajua kwamba nyumba ni kazi ya kila mwaka. Tembe la bibi, njia ya kwenda Kilimatinde, lilikuwa la miti na udongo, hata paa lake udongo. Kila mwaka kabla ya mvua bibi alikanda udongo akaziba nyufa. Alipofariki hakuna aliyeziba. Misimu miwili tu, tembe chini.

Basi mwaka 2012 nikavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, nikakuta mafundi wanakarabati magofu. Ile ngome ya ufukweni wenyeji wanaiita Gereza. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, wakaihama mwaka 1512. Inayoonekana sasa kwa sehemu kubwa ni ya Waomani, ya mwanzoni mwa karne ya 19. Bahari imekula upande mmoja. Tangu mwaka 2004 magofu hayo yalikuwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, hadi yalipotolewa mwaka 2014.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umetoka wapi?”

“Manyoni.”

“Lo! Bara kabisa.”

Fundi huyu mikono ilikuwa myeupe kama ya mpishi wa maandazi. Nikamwuliza, kwa nini msitumie saruji, mmalize upesi?

“Saruji ngumu kuliko jiwe lenyewe, mwanangu. Inafungia maji na chumvi ndani, jiwe linalika. Chokaa inapumua.”

Chokaa hiyo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, yakamwagiwa maji, yakaachwa yapoe. Haina haraka hata kidogo.

Ndugu msomaji, nilikuwa na swali jingine. Kwetu pia Wajerumani walikuwa na boma, Kilimatinde, na babu hakupenda hata kulitaja. Kwa nini tuhangaike na nyumba ya waliokuja na mizinga?

“Wenye mizinga walisema jengeni,” fundi akajibu. “Waliobeba mawe ni nani?”

Jibu zuri, lakini sikuridhika moja kwa moja. Waliobeba mawe hawakuulizwa, na tembe la bibi, ambalo hakuna aliyemlazimisha kulijenga, halimo kwenye orodha yoyote.

Nilimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo.

“Sasa huko kwenu udongo umekwisha?”

Mwenye mashua alikuwa ameanza kuita, maji yanakupwa. Fundi alishanigeuzia mgongo. Alikuwa analowesha jiwe kwanza, kisha chokaa, kisha anasubiri.