KONTI ILIYOFUNGWA

Leo ninaleta habari yenye kuniletea haya, maana inaanza na mchezo wa telefoni.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anakaa Beni, komine ya Mulekera. Likizo kubwa iliyopita alibeba matofali mpaka akapata dola 15. Akanitumia feza huku Butembo, akasema: «Yaya, uninunulie almasi za mchezo, kwenu wanauziaka bei ya chini.» Asiyecheza ajue kwamba almasi hizo si mawe. Ni hesabu tu ndani ya mchezo, nazo zinanunua nguo na bunduki za mtu wako. Kweli kulikuwa kijana mmoja karibu na soko aliyeuza kwa nusu bei. Sikuuliza nusu ya pili inalipwa na nani.

Almasi zikafika. Kwa siku tisa mdogo wangu alikuwa mkubwa wa mtaa. Siku ya kumi akafungua mchezo, akakuta maandishi: konti imefungwa milele. Miaka miwili ya kucheza, pamoja na vitu alivyonunua zamani kwa bei ya haki, vyote vikaenda. Akanipigia simu analia, yeye kijana wa miaka 14. «Yaya, mimi sikuiba. Sasa ni nani ameiba?»

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Nikaanza kutafuta. Wauzaji wengine wa bei ya chini wanalipa kwa kadi ya banki iliyoibwa. Mwenye kadi akiona, anaambia banki yake, na banki inavuta feza irudi. Wengine wananunua, wanaleta almasi, kisha wao wenyewe wanaomba kurudishiwa. Kampuni inabaki mikono mitupu, na mbele yake inaona konti moja tu iliyopokea: ile ya mtoto wa Beni. Muuzaji haonekani.

Niliandikia kampuni. Jibu likaja mbio sana, nafikiri ni mashine iliyoandika: asante, uamuzi haubadiliki. Ndipo nikasoma kanuni, zile ndefu tunazobonyeza «nakubali» bila kusoma. Zinasema vitu vya mchezo si mali yako, umepewa ruhusa tu ya kuvitumia. Tena mashitaka yafanyike kwao, ng'ambo. Waondoe almasi za wizi, mimi sikatai. Lakini vile vya zamani, vilivyolipwa vizuri, mbona navyo?

Wenzetu wa Marekani walipata mtu wa kuwasemea. Desemba 2022 tume ya serikali yao ya biashara ilitangaza kwamba kampuni Epic Games, wenye mchezo Fortnite, itatoa dola milioni 245 za kurudishia wachezaji, maana vifungo vya mchezo viliwalipisha wengi bila kutaka. Tume ilisema pia kwamba kampuni ilifungia konti watu waliopinga malipo kwenye banki zao. Amri ya mwaka 2023 ikakataza kumfungia mtu kwa sababu ya kupinga malipo ambayo hakuyaruhusu. Desemba 2024 wakarudishiwa dola milioni 72 za kwanza.

Na sisi? Kongo tuna Sheria ya Numeriki, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, nayo inagusa biashara ya elektroniki. Nilipeleka jambo kwa mwalimu mmoja wetu. Akasikiliza mpaka mwisho. «Sheria iko,» akasema. «Lakini nani atatoka Butembo kushitaki ng'ambo kwa dola 15? Tena juji akikuuliza ulinunua wapi, wewe utajibu nini?»

Nikanyamaza.

Nilirudi kwa yule kijana wa soko. Akanijibu bila hasira: «Almasi ziliingia, haziingie? Basi, biashara iliisha.» Juma lililofuata hakuwa tena pale, na kwenye nafasi yake mama mmoja alikuwa anauza sabuni.

Tangu hapo ninauza avoka kila siku ya posho. Sikumwambia mama. Mdogo wangu nimekwisha kumtumia dola 8, zinabaki 7. Ile miaka miwili ya konti, hiyo sijui nitailipa kwa nini.