Miti ya Mwezi wa Septemba

Ninyi mliozaliwa katika nchi ya miti huenda mkadhani ya kuwa hakuna haja ya mtu kuwafundisha umbo la mti. Mimi pia nalidhani hivyo. Nilizaliwa Mishamo, miaka michache baada ya makazi yetu kufunguliwa mwaka 1978. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, nao walipoletwa hapa walikuta msitu wa miombo, wakaufyeka kwa shoka na jembe. Nikiwa mtoto nalikuwa nikisinzia huku nikisikia habari za miti: mti huu ulivunja mpini wa shoka, mti ule ulikataa kuanguka siku mbili. Walakini nalipita umri wa miaka arobaini, nami ni mwalimu mwenye cheti, kabla sijaujua mti mmoja sawasawa. Nitawasimulia jinsi nilivyoujua.

Mwaka mmoja, katika muhula wa kwanza, darasa la sita tulisoma habari za Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914 ikaisha mwaka 1918. Tulisoma jinsi majeshi ya Wabelgiji yalivyotoka Kongo mwaka 1916, yakapita Rwanda na Urundi, yakashika Kigoma, kisha yakafuata njia ya reli kuelekea mashariki. Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma na kuvunja madaraja. Mji wa Tabora ulitekwa tarehe 19 Septemba 1916. Maofisa wa pande zote mbili walikuwa Wazungu, lakini askari wao walikuwa Waafrika kwa wingi.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, watu hao walipita katika msitu kama wetu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, miombo kama hii yetu."

Akasema, "Basi tuufanye, tuone."

Kazi ya kufanya mfano mdogo wa mahali, pamoja na watu wake, nchi yake na miti yake, huitwa daiorama. Katika nyumba za makumbusho ulimwenguni ziko nyingi, na baadhi yake huonyesha vita. Sisi tulichukua ubao wa mlango mbovu, tukaandika juu yake kwa chaki: "Njia ya Tabora, Septemba 1916." Mwalimu mkuu alipoona bidii ya watoto alifurahi, akaagiza kazi hiyo ionyeshwe kwa wageni tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa.

Watoto walifinyanga watu kwa udongo wa mfinyanzi. Tulipatana kwamba kila kitu kipunguzwe mara 35. Mtu wa mita 1.75 akawa wa sentimita 5. Tulifanya askari kumi na wapagazi wanne. Kisha tukakata vijiti vya sentimita 10, tukavibandika vipande vya godoro kuukuu tulivyovitia rangi ya kijani kibichi, tukavipanda kwa mistari iliyonyoka kama mikaratusi ya barabarani. Kwa wiki mbili tu msitu ulikuwa tayari. Nilijisifu moyoni mwangu.

Jirani ya shule yetu alikaa mzee mmoja, mrina asali, mtu aliyezijua njia zote za msituni. Siku moja alipita dirishani, akaona watoto wameuzunguka ubao, akabisha hodi.

"Shikamoo, Babu," wakasema watoto.

"Marahaba, wajukuu zangu. Hawa wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda Tabora, Babu, vitani."

"Mwezi gani?"

"Septemba."

Mzee akatazama nje. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na msitu wote ulikuwa kijani. "Na sasa ni mwezi gani?"

"Aprili."

"Basi ninyi mmewapandia watu wa Septemba miti ya Aprili," akasema polepole. "Mmewapa kivuli ambacho hawakuwa nacho. Baba wa baba yangu alishikwa akachukue mizigo katika vita ile, wala hakurudi. Kama angalipata kivuli kama hiki, labda angalirudi."

Darasa likanyamaza. Nami, niwaambieni kweli, nalikasirika kidogo. Nalitaka kumwambia, "Mzee, huu ni mfano tu, na wageni hawatajua." Lakini neno hilo lilikwama kooni. Wageni hawatajua! Je, hiyo ni sababu ya mwalimu kufundisha uongo? Nikamwomba mzee atueleze miti ya Septemba ilivyo. Akakataa. "Nikiwaambia, mtayafanya maneno yangu. Ngojeni mwezi wenyewe, nitawapeleka mkaone." Basi tukaing'oa miti yetu yote. Mtoto mmoja alilia, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa mtia rangi.

Tukarudi kwenye hesabu, ambayo haingoji majira. Tulisimamisha fimbo ya mita moja uwanjani, tukapima kivuli chake: sentimita 50. Wakati uo huo tulipima kivuli cha mti mmoja mkubwa wa miombo: mita 7. Ikiwa kivuli ni nusu ya kimo, basi mti ule ulikuwa na mita 14. Gawanya kwa 35, utapata sentimita 40. Vijiti vyetu vya kwanza, ukivizidisha mara 35, vilikuwa miti ya mita tatu na nusu tu. Tulikuwa tumewafanya watu kuwa majitu na msitu kuwa kichaka. Katika msitu wa kweli mtu ni mdogo sana.

Mti wa sentimita 40 hauwezi kufanywa kwa kijiti kimoja. Fundi baiskeli alitupa waya za shaba zilizotoka katika mota mbovu. Kwa kila mti tulikata waya 24, kila moja ya sentimita 55. Zote pamoja huzisokotwa chini kuwa shina, ila ncha za sentimita 5 huachwa wazi ziwe mizizi. Shina likifika kimo chake, waya hugawanywa mafungu matatu ya nane nane, na kila fungu husokotwa kuwa tawi. Kisha nane huwa nne na nne, na nne huwa mbili mbili, hata mwisho kila waya husimama peke yake kama kijitawi. Fanyeni ninyi wenyewe, mtaona jinsi mti unavyogawa nguvu zake: hakuna tawi lililo nene kuliko shina lililolizaa.

Katika miezi hiyo ya kungoja tulijifunza jambo jingine, tena kubwa zaidi. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini jeshi halikutegemea punda au ng'ombe kuchukua mizigo. Jibu lilikuwa katika msitu wenyewe. Miombo ni nyumba ya mbung'o, na mbung'o huua farasi, ng'ombe na punda kwa nagana. Mbali na reli hapakuwa na gari wala barabara ya kutosha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya risasi na unga ilikwenda juu ya vichwa vya watu.

Tukafanya hesabu ubaoni. Tuseme mpagazi anachukua kilo 25 za unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda, amekula kilo kumi. Akiwekewa kilo kumi za kurudia, anamfikishia askari kilo tano tu. Askari huyo naye akila kilo moja kwa siku, mzigo wote wa safari ya siku ishirini humshibisha siku tano. Watoto waliitazama hesabu ile kimya. Kisha yule aliyefinyanga askari akasema, "Mwalimu, askari wetu ni kumi na wapagazi ni wanne. Askari hawa watakufa njaa." Akarudi kwenye udongo. Walipokoma kufinyanga, wapagazi walikuwa hamsini, na mstari wao ulitoka upande mmoja wa ubao hata upande wa pili.

Mkifika Dar es Salaam mtaiona sanamu ya askari mwenye bunduki, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa vita ile. Hapo karibu liko soko la Kariakoo, ambalo jina lake lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Askari akapata sanamu, na mpagazi akapata jina la soko. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi, na wengi hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 tume ishughulikiayo makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kuwa wafu wengi wa Afrika hawakukumbukwa sawasawa na wengine.

Ikaja tarehe 25 Julai. Wageni waliona ubao wenye vilima na watu, lakini hauna mti hata mmoja. Mifupa ya waya ilikuwa ingali sandukuni. Mgeni mmoja akacheka, akauliza, "Na msitu uko wapi?" Yule mtia rangi akasimama, akajibu, "Tunaungoja mwezi wa Septemba, Bwana." Niliona haya mbele ya mwalimu mkuu, lakini mbele ya mtoto yule niliona fahari.

Septemba ilipofika mzee alitimiza ahadi. Tulitembea saa tatu. Nchi ilikuwa kavu, na moto ulikuwa umepita chini ya miti. Mzee akasema, "Sasa tazameni, wala msiniulize mimi." Tukatazama. Shina, ambalo tangu utoto nimelichora la kahawia, lilikuwa la kijivu kama majivu ya juzi. Chini lilikuwa jeusi kwa moto, na weusi huo ulipanda zaidi upande mmoja kuliko wa pili. Matawi yaliinuka na kutanuka kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Miti mingine ilikuwa mitupu kabisa. Mingine ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, nayo hayakuwa kijani! Yalikuwa mekundu na ya rangi ya shaba, laini na machache. Miombo mingi hutoa majani hivi kabla ya mvua, kwa maji iliyoyaweka shinani na yale ambayo mizizi yake huyafikia mbali chini. Tulisimama chini ya mti mkubwa saa sita, na jua likatupiga vichwani kama hatukusimama chini ya kitu. Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno ya mzee.

Tulirudi na kumaliza kazi. Tulichanganya gundi ya seremala na unga wa mbao utokao chini ya msumeno, tukapaka juu ya waya, na kabla haujakauka tukachora nyufa za gome kwa mwiba. Tulipaka rangi ya kijivu, tukasugua makaa chini. Kwa majani tulikatakata godoro hata likawa kama punje za mtama, tukalichovya katika rangi iliyotiwa udongo mwekundu wa kichuguu, tukanyunyiza kidogo tu, ili anga ionekane kati ya matawi. Majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yakakaushwa, yalikuwa majani makavu ya chini. Hatukupanda kwa mistari. Mahali pengine tuliweka miti mitatu pamoja, mahali pengine tukaacha wazi, kama tulivyoona.

Siku ya kufunga shule, mwezi wa Desemba, mzee alikuja. Aliinama, akautazama mstari wa wapagazi chini ya miti ile mirefu isiyo na kivuli. Alitazama kitambo kirefu, na watoto wakangoja kusifiwa. Hakusema neno. Kisha akanyosha mkono, akamchukua mpagazi mmoja wa mwisho, akamwegemeza kwenye shina la mti, na mzigo wake akauweka kando.

"Mwacheni huyu hapa," akasema. "Amechoka."

Mpaka leo yuko pale pale, wala hapana mtoto amrudishaye mstarini.

Wanafunzi wangu, mkitaka kufanya mfano wa kitu chochote, iwe kwa udongo, kwa rangi au kwa maneno, kitazameni kwanza kitu chenyewe, tena kitazameni katika majira yake. Na mkiwa hamjakiona, msione haya kuonyesha ubao mtupu.